Mtihani wa Baada ya Kugongwa

Nilianza kumjua kwa kumwogesha. Wengine huwajua wachezaji wa hoki ya barafu kwa mabao yao. Huyu mimi nilimjua kwa makovu, nikifuata njia ya sifongo: kidevu, bega la kushoto, mkono usionyooka, goti. Kila nilipofika penye kovu alinitajia mji. Kidevuni ni kwao Slovakia, mji mdogo chini ya milima, ambapo gongo la mwenzake lilimpasua akiwa na miaka kumi na mitatu, na mama yake akamshona mezani kwa uzi wa kushonea mito. Begani ni timu ya jeshi, maana enzi zile kijana aliyejua kucheza alimaliza utumishi wake wa jeshi akiwa kwenye barafu. Puani ni Amerika, mwaka wa kwanza, katika mji ambao alipofika hakuweza kulitamka jina lake, na nilipomuuliza hakuweza kulikumbuka. Nikigusa paji la uso na kuuliza, "Na hapa?" alikuwa akijibu, "Hapo hakuna kitu." Na kweli ngozi ya pale ilikuwa laini, haina hata mchubuko.

Shida yake yote ilikuwa hapo. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mimi hamsini na sita, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga vifungo vya shati.

Mimi ni mwalimu. Nasema ni, ingawa yapata miaka kumi na mitatu sijashika chaki. Nilifundisha darasa la nane huko kwetu Nyamira, Hesabu na Kiswahili, na wazazi walihamisha watoto kutoka shule nyingine waje kwangu kwa sababu watoto wangu walikuwa wakipita. Sijisifu. Au haya, najisifu kidogo, kwani nani mwingine atanisifu huku? Nilipofika Minnesota, huku Amerika, vyeti vyangu vikawa karatasi za kufungia njugu. Nikafanya kama wahamiaji wenzangu wote wa Brooklyn Center, ninakoishi: nikasoma kozi fupi ya kuhudumia wagonjwa, nikaingia kazini. Lakini nina hasira za karibu na mdomo usio na breki, na nyumba mbili za wazee zilinishinda kwa sababu hiyo. Ndipo kampuni ikanipeleka kwa mtu mmoja anayeishi peke yake Richfield, kwenye fleti ya orofa ya pili ambapo ndege zinapita juu hadi vikombe vinatetemeka kabatini. Waliniambia huyu naye ana hasira, huenda mkaelewana.

Siku ya kwanza alinirushia soksi. Niliiokota nikamrushia, ikampata usoni. Akacheka hadi nikaona mapengo yote, na tangu siku hiyo akaniita Mwalimu, baada ya kuniuliza nilikuwa nani kabla ya kuwa mtu wa kurushiwa soksi.

Neno la pili alilojifunza ni pole. Nilikuwa nikilisema kila nilipofika kwenye kovu, bila kufikiri, kama sote tunavyosema. Akataka kujua maana yake. Nikamweleza kwa Kiingereza changu kwamba ni neno la kumwambia aliyeumia, hata kama si wewe uliyemuumiza. Akakaa na maji yakimtiririka mgongoni, akasema kwamba miaka yote aliyokaa kwenye barafu hakuna aliyekuwa na neno kama hilo. Huko ukianguka walikuwa wakikuuliza swali moja tu: unaweza kurudi?

Maisha yake alinipa vipande vipande, na vingine alinipa mara nne. Mipaka ya kwao ilipofunguliwa, timu moja ya Amerika ilimchagua mwishoni kabisa, jina lake likasomwa wakati watu wameshaanza kutafuta makoti yao. Akaja na begi moja na kamusi. Alicheza misimu minne katika ligi ndogo, safari za basi za siku nzima kwenye theluji, kisha ligi kubwa ikamwita, ikamrudisha, ikamwita tena, akawa ndoo ya kisima. Kwa jumla alikaa huko juu misimu mitatu na kitu. Hakuwa wa kufunga mabao. Kazi yake ilikuwa kusimama njiani: kuwagonga wenye mabao, kugongwa badala ya wenye mabao, na kukizuia kwa mwili kile kisahani cha mpira mgumu kinachopigwa kwa magongo, ambacho alinipa siku moja nikishike nikakiona kizito kama jiwe la kusagia. "Kila timu ina wapishi na ina kuni," aliniambia. "Mimi nilikuwa kuni." Hakusema kwa uchungu. Alikuwa na fahari nayo, na mimi ilinikera, kwa sababu nilikuwa nimeona kilichobaki baada ya moto.

Alipostaafu alibaki hapa kwa sababu mke wake alikuwa wa hapa. Akafundisha watoto kuteleza katika uwanja wa barafu ulio kwenye bustani ya mtaa. Mwanzo alisahau majina ya watoto, halafu akasahau siku za mazoezi, halafu jioni moja akaendesha gari hadi petroli ikamwishia, hajaiona njia ya kwake. Mke alikuwa ameshaondoka wakati huo. Binti yao mmoja yuko jimbo la magharibi, mbali, na hupiga simu kila Jumapili.

Kuna jambo alilonieleza akicheka, na ni lazima nilieleze vizuri kwa sababu ndilo lililotumaliza. Katika miaka yake ya mwisho ya kucheza, timu zilianza kuwapa wachezaji mtihani wa kichwa kwenye kompyuta. Mwanzo wa msimu, ukiwa mzima, unafanya mtihani: maneno ya kukumbuka, maumbo, namba. Halafu ukigongwa kichwa katikati ya msimu unafanya mtihani ule ule, na daktari analinganisha. Ukishuka, unakaa nje hadi upone. Sasa mchezaji wa aina yake, kuni, akikaa nje wiki tatu anakuta kuni nyingine imeshawekwa mekoni. Kwa hiyo wote walijua la kufanya. Mtihani wa mwanzo wa msimu walifeli makusudi. Walikosea maneno, walichelewa kubonyeza, walijifanya wajinga. Halafu wakigongwa, hata dunia ikiwa inazunguka, walijikaza wapite. Na wenzao waliwanong'oneza tarehe, jina la mji na nani kafunga bao la mwisho. Alama zinalingana, daktari anatia saini, unarudi kwenye barafu.

"Wa kwanza unafeli, wa pili unapita," aliniambia. "Sikuwahi kukosea."

Mimi nilisonya. Nikamwambia angekuwa mwanafunzi wangu angekiona.

Kila mwaka, mwezi wa kumi, kaunti humtuma nesi kuja kumwangalia. Anakaa sebuleni, anauliza maswali, anajaza fomu, na fomu hiyo ndiyo inayoamua mgonjwa apewe nini. Wakati huo mimi nilikuwa naye saa sita kwa siku, siku sita kwa wiki. Nikiondoka saa nane mchana alibaki peke yake na televisheni. Mwaka huo mambo yalikuwa yameharibika. Nilikuwa nimeng'oa vifundo vya kuwashia jiko nikaviweka kwenye mkoba wangu, kwa sababu alikuwa ameunguza sufuria mbili. Nilikuwa nimebandika karatasi milangoni: choo, kabati, nje. Kiingereza kilikuwa kinamtoka. Alipopanda ngazi alihesabu kwa lugha ya kwao, na akichoka alinisemesha hiyo hiyo moja kwa moja, kama vile na mimi nilizaliwa chini ya milima ile.

Jumapili moja niliyomfanyia ziada, binti alipiga simu nikaiweka kwenye spika. Alikuwa na hofu, hana ubaya. Akasema, watu wa kaunti wakiona amezidiwa watasema hawezi kuishi peke yake, watampeleka kwenye makao yenye milango ya kufungwa. Baba yake alisikia. Alikuwa na mwenzake, mchezaji wa zamani, aliyepelekwa katika makao ya namna hiyo huko Hopkins, na alikuwa ameenda kumwona mara moja tu. Simu ilipokatika akanishika mkono, na mkono wake ni mkubwa kama koleo.

"Mwalimu, wasinipeleke."

"Hawakupeleki," nikasema. "Ni mtihani tu."

Ukimwambia mwalimu wa darasa la nane kuna mtihani, umemaliza. Hakuna swali jingine linaloingia kichwani mwake. Kampuni ilikuwa imenipa kijitabu kuhusu ziara ile, kurasa nyingi za maandishi madogo, na kilikuwa ndani ya gari langu chini ya kiti cha nyuma pamoja na mwavuli uliovunjika. Sikukisoma. Nilihitaji kusoma nini? Nilikuwa na kitu bora zaidi. Nilikuwepo mwaka uliotangulia, nimesimama karibu na friji, na maswali yote nilikuwa nimeyasikia. Nilikuwa na karatasi ya mwaka jana.

Nikanunua daftari. Nikaandika: leo ni siku gani, mwezi gani, majira gani, uko mji gani, orofa ya ngapi. Chora saa inayoonyesha saa tano na robo. Kumbuka maneno matatu, kijiko, daraja, kondoo, na uyaseme tena baadaye. Toa saba kutoka mia, toa saba tena. Tulianza wiki tatu kabla. Kila asubuhi baada ya kuoga nilimketisha jikoni, mgongo wima, mikono magotini, nami nikasimama mbele yake na mwiko. Ile ya kutoa saba hakuiweza kabisa, kwa hiyo tuliiweka kama wimbo: tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa. Aliimba kwa sauti ya askari anayepita gwaride. Alikuwa na furaha. Nilikuwa sijamwona na furaha ya namna ile, ya mtu anayefanya mazoezi kwa ajili ya mechi. Na mimi pia, kwa nini nidanganye? Nilirudi Brooklyn Center nikiimba ndani ya gari. Kwa miaka kumi na mitatu hakuna aliyenihitaji nimfundishe kitu.

Asubuhi moja nilimkumbuka msichana mmoja wa Nyamira niliyemkamata ameandika majibu kwenye paja, chini ya sketi. Nilimtoa nje ya chumba cha mtihani akilia, na mwaka wake ukapotea. Nilimkumbuka, nikafungua ukurasa mwingine wa daftari.

Zikiwa zimebaki siku mbili, nilikuwa nakata kabichi ya mchuzi wake. Yeye alikuwa mezani anachora saa. Akaniuliza, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyeamka vizuri:

"Mwalimu, huu ni mtihani wa mwanzo wa msimu, au ni wa baada ya kugongwa?"

Sikugeuka hata. Nikasema, "Ni wa baada ya kugongwa."

"Basi napita," akasema, akarudia kuchora.

Nimelirudia swali hilo kichwani mara zisizohesabika. Katika nyumba ile yenye mgonjwa mmoja na mzima mmoja, mgonjwa ndiye aliyeuliza swali la maana. Ningemwambia ni wa mwanzo wa msimu, angejua afanye nini. Hakuna mtu duniani aliyefundishwa kufeli vizuri kuliko yeye.

Nesi alikuja Jumanne. Mimi nilikuwa nimefika mapema kuliko saa zangu kuandaa nyumba, kwa sababu mgeni ni mgeni. Nilipiga deki. Nilibandua karatasi zote milangoni, maana zilifanya nyumba ionekane kama shule ya chekechea. Nilirudisha vifundo vya jiko mahali pake nikavipangusa. Nilimvalisha suti aliyowahi kuivaa kwenye harusi ya mtu fulani, nikampaka mafuta usoni, nikapika chai ya maziwa na tangawizi. Yule nesi alikuwa msichana mpole, mwenye baridi mikononi. Alishika kikombe kwa mikono miwili akasema nyumba ni nzuri.

Alipita. Siku, mwezi, majira, orofa. Saa aliichora na mishale yake. Kijiko, daraja, kondoo. Alipofika kwenye kutoa saba nilishika ukingo wa friji, naye akatiririka hadi sitini na tano bila kupumua. Nesi akaandika, akaandika. Mwisho akanigeukia mimi, akaniuliza kuna mambo gani magumu hapa nyumbani, kuna msaada gani zaidi tunaohitaji. Nilijibu kama ambavyo ningejibu popote, kama mama yangu angejibu akiwa na njaa ya siku mbili.

"Tuko salama. Hatuna shida. Tunamshukuru Mungu."

Alipoondoka, mzee wangu aliinua ngumi zote mbili juu, akanikumbatia akaniinua kutoka sakafuni, mimi na uzito wangu wote. Tukala keki. Nikavirudisha vifundo vya jiko kwenye mkoba.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Barua zake nilikuwa nikimfungulia mimi. Ilisema kwamba ameonyesha uwezo wa kujitegemea katika mambo mengi, na kwa hiyo huduma yake itakuwa asubuhi mbili kwa wiki, Jumatatu na Jumatano, kwa muda wa saa tatu kila asubuhi. Niliisoma mara tatu nimesimama. Nikadhani wamekosea mtu.

Jumapili niliibeba kanisani. Tuna dada mmoja pale, nesi kamili wa hospitali, anayejua makaratasi ya nchi hii kuliko mchungaji anavyojua Zaburi. Nilimpata jikoni baada ya ibada akiosha sufuria za pilau, nikamshikia barua aisome, maana mikono yake ilikuwa na sabuni.

"Dada, hii ni assessment ya hours," akasema. "Wanaangalia vile mtu amezidiwa ndio wajue watampea masaa ngapi. Sasa wameku-cut hivi kwa nini? Alijibu aje?"

"Alijibu yote. Hakukosa hata moja."

"Yote? Si huyu ndiye unaoshanga?"

"Nilimfundisha. Wiki tatu."

Alicheka kwanza, akadhani natania. Halafu akaweka sufuria chini.

"Uli-mcoach? Ngai. Dada, hii si exam. Huku ukifail ndio unasaidiwa. Mngefail vizuri, mngepewa mtu wa siku nzima, pale pale kwake."

"Na yale makao ya kufungwa?"

"Nani alikwambia? Hiyo ni ya mtu hana wa kumwangalia home. Yeye si alikuwa na wewe?"

Nilikaa kwenye kreti la soda. Nilikotoka mimi hakuna aliyewahi kupewa kitu kwa kufeli. Ukifeli unarudi nyumbani kulima. Ukipita, kijiji kizima kinakubeba. Na ukiwa na dhiki huianiki mbele ya mgeni. Nilikuwa nimeishi na sheria hizo mbili maisha yangu yote, na zilikuwa zimenifikisha mbali, nikaziingiza katika nyumba ya mtu ambaye naye alikuwa na zake zile zile. Mficha maradhi, kilio humfichua. Methali hiyo niliifundisha miaka kumi na tisa, kwa mifano.

Nilimuuliza yule dada kama naweza kuwaandikia kaunti niseme ukweli. Akakausha mikono polepole.

"Unaweza. Lakini ukiandika wewe ndiye ulimpea majibu, wata-report kwa kampuni, na certificate yako sijui. Wacha binti yake a-appeal."

Nyumbani nilimweleza mwanangu, aliye chuoni hapa. Anakielewa Kiswahili changu chote, na hunijibu kwa Kiingereza. Akaniambia, bila kuinua macho kwenye simu, kwamba niwaambie ukweli tu, kwani kuna ugumu gani. Nilimfokea. Nilimwambia hajui kitu kuhusu kuanza maisha mara mbili. Halafu nikachukua lile daftari la mazoezi nikaandika barua kwenye ukurasa wa mwisho, nikaikata vizuri kwa rula, nikaikunja. Ilikaa kwenye mkoba wangu pamoja na vifundo vya jiko. Sikuituma. Nilikuwa naogopa, na hilo ndilo jibu zima, hakuna jingine nililolificha nyuma yake.

Binti alikata rufaa. Wakamjibu kwamba watakuja kumtazama upya mwezi wa pili.

Msimu ule wa baridi nilimwona Jumatatu na Jumatano. Siku nyingine kampuni ilinipa mgonjwa mwingine, bibi mmoja mtulivu asiyerusha chochote. Kila nilipofika Richfield nilimkuta mzee amepungua kidogo: shati moja kwa siku tatu, chakula nilichopika Jumatatu bado kipo Jumatano. Alikuwa akinisubiri mezani, mgongo wima, mikono magotini. Mara nyingi alianza mwenyewe kusema siku na mwezi kabla sijavua koti. Nilimwambia mtihani umekwisha. Alitikisa kichwa kama anayesikia mzaha.

Alhamisi moja ya mwezi wa kwanza, nikiwa namlisha yule bibi chakula cha mchana, simu ililia. Mfanyakazi wa bustani ya mtaa alikuwa ameenda kumwagia maji uwanja wa barafu ili ugande upya. Alimkuta mzee wangu amekaa kwenye benchi la wachezaji, lile la pembeni ambapo wanasubiri zamu. Amevaa jezi juu ya pajama, ndara miguuni, na viatu vya barafu vimening'inia shingoni kwa kamba zake. Baridi ya siku hiyo ilikuwa ile ambayo hata gari halitaki kuwaka. Hakuna aliyejua amekaa pale tangu saa ngapi. Yule mfanyakazi alimwambia aondoke, naye akamjibu kwa adabu kwamba hawezi, kocha hajamwita.

Wiki chache baadaye walimkata vidole vitatu vya mguu wa kushoto. Mimi nilifika hospitali jioni hiyo hiyo ya Alhamisi, nikamkuta daktari kijana anamuuliza leo ni siku gani. Jumanne, akasema. Mwezi wa kumi. Majira ya majani kuanguka. Dirishani theluji ilikuwa imefika kwenye kingo. Daktari aliandika, nami nikaona kwa uso wake kwamba sasa alikuwa amefeli vizuri, vizuri kabisa, kama ambavyo tungetaka miezi mitatu nyuma. Niliushika mguu wake uliofungwa bendeji nikasema pole. Akaniuliza nani kamuumiza.

Baadaye walisema mtu aliyetoka nje hivyo hawezi tena kurudishwa nyumbani, hata kwa saa ngapi za msaada. Binti akaja, akatia saini, akalia kwenye bega langu na kunishukuru kwa yote niliyomfanyia baba yake. Nilisimama pale nikashukuriwa. Barua ilikuwa ndani ya mkoba.

Yuko Hopkins. Mlango unafunguliwa kwa namba, na namba yenyewe imebandikwa juu ya mlango, kwa sababu wanaoishi ndani hawawezi kuitumia. Ninaenda Jumapili nikitoka kanisani, si kazi tena, ni mimi tu. Mara ya mwisho nilimkuta karibu na dirisha, katika kiti cha magurudumu, amevaa suruali ya mtu mwingine. Nilivuta kiti nikaketi mbele yake. Aliponiona alinyoosha mgongo na kuweka mikono magotini.

"Jumanne," akasema. "Mwezi wa kumi. Majira ya majani kuanguka. Richfield, orofa ya pili."

Nikamwacha aendelee. Kijiko, daraja, kondoo. Tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa, hadi mwisho, kwa sauti ile ya gwaride. Lugha nyingine zote zimemtoka, hata ya kwao inakuja kwa vipande, lakini hayo niliyomfundisha mimi hayajatikisika. Alipomaliza aliniangalia usoni.

"Nimepita, Mwalimu?"

Katika miaka yangu yote sikuwahi kumpa mtoto alama asiyostahili.

"Umepita," nikasema. "Hukukosa hata moja."

"Basi twende nyumbani," akasema, na akaanza kutafuta koti lake.